Mzee Byabato na Siku Iliyoandikwa Kimya

Ndugu wafanyakazi wenzangu, kabla hamjasoma zaidi nawaomba kwa heshima zote: neno lolote lililomo katika karatasi hizi lisitoke midomoni mwenu mpaka Ijumaa saa nane mchana. Msizisome kwa sauti ofisini. Msizipige picha. Msimwonyeshe Mkuu wa Kituo, hata akiwauliza kwa upole. Nimeweka nakala sita katika bahasha sita za ratiba ya sherehe, moja kwa kila mtu. Bahasha ya Mkuu ina ule wasifu mfupi alioupitisha yeye mwenyewe. Mengi yaliyoandikwa mle ni ya kweli. Lakini mna sentensi moja ambayo niliichapa nikijua si ya kweli, na kwa sababu ya sentensi hiyo nimeandika wasifu huu mwingine.

Mzee Novatus Byabato anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, baada ya kukitumikia kituo chetu cha Izigo kwa miaka kumi na mitatu, miezi kumi na mmoja na siku ishirini na tano. Kabla ya hapo alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari mjini Bukoba kwa miaka kumi na minane, na wanafunzi wake wa zamani bado humwamkia barabarani wakiwa na mvi.

Ninyi mnaijua kazi yetu, lakini najua familia zenu huwauliza, kwa hiyo naieleza kama Mzee alivyokuwa akiwaeleza majirani baada ya misa. Alikuwa akisema kwamba umepewa gunia lililoshonwa mdomo. Ukilibeba unasikia uzito, ila hujui kama ndani ni kahawa au maharage. Nyota nazo zinazunguka kana kwamba kuna mzigo mkubwa zaidi ya ule unaoonekana, na mzigo huo ndio wataalamu wanaouita maada ya giza. Huenda inapita katikati ya dunia, katikati ya migomba yetu na miili yetu, bila kugusa kitu. Wapo wanaofikiri kwamba ikipita, vipimo vyepesi sana vinaweza kushtuka kidogo. Ndiyo maana viko vituo kumi na viwili duniani, kila kimoja na kichupa chake cha mvuke na mwanga wake wa leza, vyote vikifuata saa moja ya setilaiti. Kituo kimoja kikishtuka peke yake, hakuna maana yoyote. Vikishtuka vitano kwa mfuatano unaoeleweka, hapo watu huacha kunywa chai.

Kibanda chetu kilijengwa pembezoni mwa kibanja cha Mzee, shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, kwa sababu hapo chini kuna mwamba mmoja mpana, na nguzo ya zege inayobeba kipimo ilisimikwa juu yake ili isitikisike. Mzee alikubali kukata mistari miwili ya migomba yake. Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa utulivu. Kipimo kile hakipendi chuma wala mtikisiko, na Mzee akavichukia vyote viwili. Suruali yake aliifunga kwa kamba ya katani. Wageni walivua mikanda, funguo na saa mlangoni, na akina mama walitoa vibanio vya nywele wakaviweka katika kikapu. Dereva wetu Jamali, ambaye hawezi kuingia mahali bila utani, aliwahi kumuuliza kama na jino lake la dhahabu aling'oe. Mzee alimtazama mdomoni kwa muda mrefu, akamjibu kwamba dhahabu haina tabu, tabu ni maneno yanayopita kando yake. Jamali hueleza kisa hicho mpaka leo kwa fahari.

Kazi yake kubwa ilikuwa kitabu. Kila siku aliandika kilichoutikisa mwamba: pikipiki ya katekista, radi, lori la mawe, majirani wakilima kwa jembe. Jioni mimi, karani, niliingiza maneno yake katika fomu ya kompyuta, ambayo kwa kila saa inakubali neno moja tu, Kimya au Usumbufu, kisha fomu hiyo inakwenda kwenye mtandao wa vituo vyote. Wataalamu wa nje waliwahi kuuliza kwa nini kituo cha Izigo kina siku nne au tano mfululizo zenye utulivu ambao vituo vyao vya chini ya ardhi havijawahi kuupata, halafu kelele inarudi. Mkuu aliwajibu kwamba ni ubora wa kasha la kukinga. Mzee alijua sababu. Kwetu mtu akifa, majembe yanalazwa. Hakuna jirani anayelima mpaka siku za msiba ziishe. Utulivu wetu bora kuliko wote duniani ulikuwa wa misiba, na yeye aliandika katika ukingo wa ukurasa jina la kila marehemu. Nimehesabu majina hayo. Ni arobaini na saba.

Lakini siku hizo hizo za utulivu kuna chuma kimoja kinachoruhusiwa, nacho ni cha wachimba kaburi. Mzee hakusahau hata mara moja. Aliandika Kimya kwa siku nzima, kisha saa za kaburi akaandika Usumbufu, hata kaburi lilipokuwa mbali.

Jina la arobaini na saba ni la mke wake, Mama Kokuhirwa.

Alizikwa Alhamisi, tarehe 17 Julai mwaka jana, katika kibanja chao, hatua arobaini kutoka kibandani. Wengi wenu mlikuwepo mchana, wakati wa mazishi. Asubuhi hamkuwepo. Asubuhi nilikuwepo mimi, kwa sababu mfiwa hafanyi kazi, na Mkuu alinituma nikae na kitabu.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu hata kwenye kitubio. Nilifika saa moja. Nilifungua kitabu, nikaandika tarehe, na kwa kalamu ya wino nikaandika: Kimya. Msiba. Niliiandikia siku nzima kabla siku haijaanza. Sikufanya kwa uvivu. Niliona tu msiba, na tangu utoto wangu msiba ni majembe yaliyolazwa. Kisha nikafunga kibanda, nikaenda kukaa na wanawake kwenye nyasi, maana niliona aibu kujifungia na mashine wakati jirani anazikwa. Wachimba kaburi walipofika kina cha kiuno, wakakuta mwamba. Uleule mwamba. Wakaleta mtaimbo. Tulisikia pigo baada ya pigo, halafu kipande kikubwa kikang'oka, kikaangukia upande wa pili wa shimo, na ardhi ikatupiga chini ya mapaja tuliokaa. Mama mmoja aliweka kikombe chake chini, akakishika. Mimi niliinuka kwenda kumsaidia kuosha vyombo. Kitabu sikukikumbuka, na Mzee aliporudi kazini hakuufungua ukurasa wa siku ile.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mtandao ulifungua takwimu zake za mwaka jana. Sheria yao ni nzuri, nami siwalaumu: kabla ya kufungua, kila kituo kinaweza kusahihisha kitabu chake, baada ya kufungua, hakuna anayeruhusiwa kufuta wala kuongeza, ili mtu asije akachagua anachotaka kukiona. Walipofungua, wakakuta vituo vinne vimeshtuka tarehe 17 Julai kwa mfuatano unaoelekea kuwa wa kweli. Vinne pekee visingetosha. Cha tano kilikuwa Izigo, saa nne na dakika arobaini na moja asubuhi, mahali penyewe palipotakiwa, na kitabu chake kinasema Kimya.

Mkuu alifurahi mpaka akanunua keki. Tangu siku hiyo hazungumzi jambo lingine. Bango la kitambaa limeshatengenezwa na liko nyuma ya kabati langu, limekunjwa. Sentensi niliyowatajia, ile ya wasifu rasmi, inasema kwamba Mzee Byabato anastaafu kama mtu aliyeshuhudia maada ya giza ikipita Kagera.

Mzee alipopewa taarifa ile, aliomba kuonyeshwa mchoro. Aliuangalia akiwa amesimama. Akaweka kidole dakika ishirini kabla ya mshtuko, akatuonyesha vimeno vidogo vilivyopangana, akasema hilo ni mtaimbo. Wataalamu walijibu kwa barua kwamba vimeno kama hivyo vipo siku nyingi na haviwezi kuthibitisha kitu. Walisema pia, kwa adabu, kwamba ushahidi pekee watakaoukubali ni ulioandikwa siku ileile na wenye saa.

Kikao kilifanyika tarehe 12 Februari. Nilikuwa nachukua kumbukumbu. Mkuu alitaka Mzee atie sahihi kwenye tamko kwamba siku ile ilikuwa kimya. Mzee alikataa.

"Mzee wangu, ulikuwa kwenye msiba wako," Mkuu alisema. "Katika majonzi yale utajuaje ilikuwa saa ngapi?"

"Nilikuwa nimekaa nasubiri shimo la mke wangu lishuke, waitu, ndugu yangu. Nilihesabu kila pigo."

"Basi nani aliandika kimya?"

Chumba kizima kilimtazama Mzee. Mimi niliitazama karatasi yangu. Nilijua anajua. Mwandiko wangu na wake hata mtoto anaweza kuutofautisha, lakini Mkuu hakuwahi kukifungua kitabu chenyewe. Yeye husoma fomu.

"Kitabu ni changu," Mzee alisema.

Nami nikaandika katika kumbukumbu: Mzee Byabato alisema kitabu ni chake. Nilitia nukta. Mkono wangu mwenyewe ulinitoa hatiani.

Wiki iliyofuata barua ilikwenda kwenye mtandao. Niliichapa mimi. Inasema kwamba mtunza kitabu wa Izigo, kwa sababu ya umri na huzuni ya kufiwa, amechanganyikiwa kumbukumbu, na maelezo yake ya sasa yasizingatiwe. Ndivyo mambo yalivyo hadi leo. Mzee anaondoka na mawili ya kuchagua: awe mgunduzi wa kitu ambacho hakukiona, au awe mzee aliyechanganyikiwa. Hayo mawili yote nimempa mimi kwa maneno mawili ya wino.

Hakunigombeza. Asubuhi baada ya kikao aliniita kibandani, akanifundisha kukiandika kitabu upya, kana kwamba ndiyo kwanza nimeajiriwa. Alizungumza polepole, kalamu mkononi.

"Muhara wange, binti yangu, andika unachokisikia ukiwa umekaa hapa. Kama hukukaa, andika kwamba hukuwepo. Hilo nalo ni jibu, na wataalamu wanalijua."

Nililia. Alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilipotaka kuzungumza juu ya siku ile, aliinua mkono. Alisema yeye ana kibanja na watoto wanne waliokwishaolewa na kuoa. Mimi nina miezi kumi na minne tu kazini na mama anayenitegemea. Akaondoka kwenda kuwapa mbuzi majani.

Watu wa Izigo walikuwa wakimuuliza kila Jumapili, mlangoni mwa kanisa, kama kitu chenyewe kimeonekana. Kwa miaka yote hiyo alijibu kwamba bado, ila wiki hii wamesikiliza vizuri. Wengine walicheka. Walimwita mlinzi wa ghala tupu. Niliwahi kumuuliza kama haimuumizi, akasema wataalamu wanaposhindwa kukipata kitu mahali fulani, wanajua wasikitafute hapo tena, na mtu wa kuwaambia hivyo lazima awe mtu wanayeweza kumwamini. Hayo ndiyo mafanikio yake, na ni makubwa. Kurasa elfu tano na zaidi, na hakuna hata moja aliyoipamba. Ukurasa mmoja tu si wake.

Mwaka 2016 ardhi ilipotetemeka Kagera na nyumba zikaanguka, yeye alitoka kwenye kifusi cha jiko lake na vumbi kichwani, akahakikisha Mama Kokuhirwa na watoto ni wazima, ndipo akaja kibandani kuandika. Neno lake la siku ile ni Usumbufu. Mama Kokuhirwa alimtania kwa hilo mpaka kufa kwake: dunia ikipinduka mume wangu ataandika usumbufu, kisha ataomba chai. Mzee alikuwa akicheka kuliko wote. Tangu Julai sijamsikia akicheka. Hukaa kwenye kibao nje ya kibanda, akiangalia upande wa kaburi, na saa yake ya kazi ikiisha bado amekaa.

Ninafikia sehemu ninayoiogopa zaidi.

Siku ile ya mazishi, Jamali alikuwa na gari la kituo mjini, akisubiri kuleta jeneza kutoka chumba cha maiti. Nilikuwa namjulisha kwa meseji ili asifike kabla kaburi halijawa tayari. Ya kwanza niliiandika saa nne na dakika ishirini na tatu: "Msiondoke bado, kaburi lina mwamba, wanapiga mtaimbo." Ya pili niliiandika saa nne na dakika arobaini na mbili: "Jiwe limeng'oka sasa hivi, ardhi imetikisika mpaka tuliokaa tumeshtuka. Mnaweza kuanza safari." Simu ya Jamali iliangukia majini pale Bukoba mwezi wa kumi na mbili, na kila kitu kikapotea. Yangu ninayo. Meseji mbili zimo, na saa zake.

Imeandikwa siku ileile na ina saa. Nimekaa nayo mfukoni tangu Januari. Mzee alipokuwa akiitwa aliyechanganyikiwa, ilikuwa mfukoni. Nilipoichapa barua ile, ilikuwa mezani, karibu na mkono wa kushoto. Mzee hajui kwamba ipo. Mara tatu nimeifungua nikaweka kidole kwenye alama ya kufuta, nikaogopa kufuta kama nilivyoogopa kuonyesha. Niliogopa kazi. Niliogopa Mkuu, ambaye ndiye aliyenipa kazi hii. Niliogopa wataalamu wa vituo kumi na kimoja kujua kwamba Izigo kuna karani anayeandika siku kabla haijatokea. Hata sasa ninaogopa, na ninaandika hivi mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Ijumaa saa nane mchana, watunza vitabu wa vituo vyote watakuwa kwenye skrini kumuaga Mzee. Mkuu atafungua bango. Kabla hajalifungua, mimi nitakuwa nimesimama, nitasema nani aliandika Kimya, na nitasoma meseji mbili zikiwa na saa zake. Nawaomba siri mpaka wakati huo, kwa sababu Mkuu akijua mapema sherehe itafanyika bila skrini, na mimi nitatumwa Muleba kupeleka barua isiyo na haraka. Naomba pia msinitie moyo kwenye korido. Nitatambulika usoni.

Kituo kitapoteza sifa kubwa. Nalijua hilo, na najua baadhi yenu mmeshawaambia ndugu zenu. Nisameheni. Ni Ijumaa ya Kwaresima, kwa hiyo hakutakuwa na nyama. Kutakuwa na ndizi na samaki, na Jamali ameahidi kuchekesha. Tafadhali mchekeeni, hata kama baada ya maneno yangu hakuna atakayependa kucheka.

Mzee Byabato, ukisoma haya baadaye: asante kwa kila ukurasa, kwa kila jina ukingoni, na kwa uongo mmoja tu uliowahi kuuruhusu usimame, ule wa kunificha. Sisi wa kituo tunakuombea siku ndefu katika kibanja chako, kahawa izae, miguu isiume, na jembe lako lilie utakavyo bila mtu kuliandika mahali popote. Pumzika vizuri, tata, baba yetu. Maisha yako yawe mema.

Ndugu zangu, ikifika saa nane Ijumaa na hamnioni karibu na meza ya projekta, fanyeni hivi. Simu haiko kwangu tena, nimeiweka mahali pa kuipitia nikija. Nendeni Izigo senta, kwa Joviana, fundi cherehani anayetazamana na mashine ya kusaga. Mwambieni mmefuata nguo yangu, ya Edvina, iliyopunguzwa mikono. Atawapa mfuko wa kitambaa, simu imo ndani, imezimwa. Namba ya kuifungulia ni 4723. Tafuteni jina la Jamali, mrudi mpaka tarehe 17 Julai. Msiguse mipangilio ya saa. Msiitume kwa mtu mwingine kwanza; ishikeni mbele ya skrini ili watunza vitabu wote waione yenyewe, kisha msome kumbukumbu za tarehe 12 Februari na mseme mwandishi wake ndiye aliyeandika Kimya.

Mkitaka kuniona mimi, nitakuwa nyumbani kwa mama, Ijuganyondo. Pandeni njia ya kushoto baada ya bomba la maji, nyumba ya tatu, yenye mibuni mbele. Msipige simu ya jirani, anapenda kuuliza. Mlango wa mbele umevimba kwa mvua na haufunguki, piteni nyuma. Bisheni hodi mara moja. Nitafungua mwenyewe.